Uzi: Chaja za magari ya umeme zinaongezeka kila kukicha, mbona bado tunakwama njiani?

Mwendo_Kimya

Wakuu salama? Nimekaa siku mbili najiuliza niandike au niache, nimeona niandike tu maana hili jambo linatuhusu wote, sisi tunaoendesha gari za umeme na nyie mnaopiga hesabu za kununua.

Juzi usiku narudi safari ya mbali, betri imebaki asilimia 9. Ramani ya gari inanionyesha mbele kuna kituo cha chaja 4 za haraka, zote zinaonekana nzima, nikasema hapa nimefika. Nafika pale, chaja ya kwanza kioo cheusi tii, haina uhai kabisa. Ya pili inawaka vizuri, nachomeka, inaandika "inaandaa", inaandaa weee, baada ya dakika mbili inakata, nimerudia mara tano majibu ni yaleyale. Ya tatu kichwa cha kebo kimepasuka ubavuni, inaonekana mtu alikiacha chini na gari ikapita juu yake. Ya nne ndo nzima lakini imechomekwa kwenye gari ambayo imeshajaa asilimia 100, mwenyewe hayupo, na kebo imejifunga kwenye gari lake huwezi kuichomoa. Nikapiga namba ya msaada iliyobandikwa pale, dada wa watu akaniambia kwa upole kabisa kwamba kwenye mfumo wao chaja zote 4 ziko sawa. Nimesimama mbele ya kioo kilichokufa naambiwa kiko sawa. Mwenye ile gari alirudi baada ya saa 1 na dakika 20, mtoto wangu kalala siti ya nyuma muda wote huo.

Sasa ukisoma takwimu unaweza kudhani nazusha. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati mpaka mwisho wa 2024 dunia ilikuwa na chaja za umma zaidi ya milioni 5, kama mara mbili ya zilizokuwepo 2022, na ndani ya mwaka huo wa 2024 peke yake ziliongezwa zaidi ya milioni 1.3. China imebeba kama theluthi mbili ya zote. Norway mwaka huohuo karibu gari mpya 9 katika kila 10 zilizouzwa zilikuwa za umeme mtupu, yaani watu wameshahama. Kwaiyo chaja zipo na zinazidi kuja, hilo sibishi.

Ninachosema ni kwamba tunahesabu kitu ambacho sicho. Tunahesabu nguzo zilizosimikwa wakati tulitakiwa kuhesabu ni mara ngapi mtu amefika, amechomeka, na gari ikaanza kula umeme bila kubembelezwa. Na kwangu mimi chaja mbovu ni mbaya kuliko sehemu isiyo na chaja kabisa, maana kusikokuwa na chaja usingekwenda, ungejipanga mapema, lakini mbovu inakuita, unaifuata na kile kidogo ulichobakiza alafu inakuacha hapohapo.

Na sio mimi peke yangu. Mwaka 2022 eneo la San Francisco huko Marekani watafiti walivizungukia vituo vya chaja za haraka 181, wakavijaribu vichwa 657 kimoja baada ya kingine, vilivyofanya kazi vilikuwa asilimia 72.5 tu. Kampuni zenyewe zilikuwa zinaripoti kwamba mashine zao ziko hewani asilimia 95 mpaka 98 ya muda. Mahali pengine tatizo lilikuwa kioo, pengine malipo yamegoma, pengine kebo fupi haifiki kwenye tundu la gari! Yaani mtu amejenga kituo kizima na kebo haifiki.

Naomba wenye uzoefu mchangie, hasa mafundi kama wapo humu. Ile chaja ya pili ilikuwa inaandaa nini?

FundiWaya

Pole sana kaka. Mimi ndo kazi yangu hii mwaka wa sita sasa, ngoja nikujibu kwa kituo.

Kwanza kwa nini waliona ziko sawa. Ndani ya kila chaja kuna laini ya simu, mashine inatuma salamu kwa seva kila baada ya muda kwamba "nipo". Seva ikipata salamu inaandika iko hewani. Kichwa kikipasuka mashine haijui, kioo kikifa mara nyingi ubongo wa ndani bado unaendelea kutuma salamu, na kule ofisini wanaona kijani. Kwaiyo yule dada hakukudanganya, alikusomea alichokiona. Hesabu ya kuwa hewani na hesabu ya kuchaji ni vitu viwili.

Pili hiyo ya kuandaa. Angalia tundu la gari lako, mbali na pini nene za umeme kuna pini mbili nyembamba. Moja tunaiita pailoti. Chaja inaweka volti 12 kwenye hiyo pini, ukichomeka gari inaivuta ishuke mpaka 9, hapo chaja inajua kuna mtu. Gari ikiwa tayari kupokea inaivuta mpaka 6. Kwa chaja za haraka za aina ya CCS, juu ya waya huohuo mwembamba ndo gari na mashine zinaongea, gari inasema betri yangu ina volti kadhaa, nataka ampea kadhaa, usinizidishie hapa. Wakielewana mashine inapima kama kuna umeme unavuja, inapandisha volti zake zilingane na za betri, ndo swichi kubwa zinafunga. Ule mlio wa "ta!" unaousikia ndani ya gari ndo huo. Yote haya yanatakiwa yaishe ndani ya kama nusu dakika.

Sasa weka mchanga kidogo kwenye ile pini, au pini imerudi ndani kidogo tu kwa sababu kichwa kimeangushwa mara mia, maongezi yanakatika katikati. Mashine inabaki "inaandaa" mpaka muda wake unaisha. Wakati mwingine hata sio uchafu, ni gari la toleo jipya na mashine yenye programu ya zamani, kila mmoja amesoma kanuni kivyake. Nimeshakutana na mashine ambayo gari zote zinachaji isipokuwa aina moja tu, tumebadilisha kebo, tumebadilisha kadi ya saketi ya ndani, kumbe ilikuwa inahitaji programu mpya basi.

Ushauri wa bure, ikikukatalia, ukichomeka tena kinyanyue kichwa kwa mkono uwe unaubeba ule uzito wake wakati inaongea. Kebo ni nzito, inavuta kichwa chini na pini haikai sawa. Mara nyingi inakubali.

Mwendo_Kimya

Asee mkuu mbona hili la kunyanyua hatuambiwi popote. Nimesimama pale karibu saa na nusu na dawa ilikuwa mkononi mwangu.

Na hesabu ya muda wa hewani nimeifikiria. Marekani kwenye ule mpango wa serikali wa kujenga chaja, wa dola bilioni 5, uliotokana na sheria ya 2021 waliweka sharti la asilimia 97. Inasikika kubwa, ila asilimia 3 ya mwaka ni karibu siku 11 mashine imekufa. Uingereza kanuni zao za 2023 wanataka mtandao wa chaja za haraka wa kampuni ufikishe wastani wa asilimia 99, hiyo ni kama siku tatu na nusu kwa mwaka, afadhali. Lakini kama unavyosema fundi, inategemea "hewani" maana yake nini.

MzeeWaDizeli

Vijana nawasoma hapa naona mnajitesa wenyewe. Mimi naweka mafuta dakika tano naondoka. Na hizo gari zikiwa nyingi gridi itabeba? Kila mtu akirudi nyumbani jioni achomeke, si giza hilo.

FundiWaya

Mzee wangu shikamoo. Swali la gridi ni swali zuri na wengi wanalikimbia.

Umeme wa jumla sio shida kubwa kama watu wanavyodhani, shida ni mahali na saa. Chukua kituo cha chaja 10, kila moja kilowati 150. Zikifanya kazi zote kwa pamoja ni kilowati 1,500, huo ni mzigo wa kiwanda, unauweka pembeni ya barabara ambako transfoma iliyopo ilikuwa inalisha taa na duka. Kwaiyo unaomba transfoma mpya, unasubiri, unachimba, unavuta kebo. Vituo vingi unavyoviona vimejengwa vimefunikwa mifuko havijawashwa, mashine zipo tayari, kinachosubiriwa ni umeme kufika. Kusimika mashine ni wiki, kuunganishwa kwenye gridi inaweza kuwa miezi na kuna sehemu ni zaidi ya mwaka.

Alafu kuna bili. Mwenye kituo sehemu nyingi halipii tu umeme aliouza, analipia pia kile kilele cha juu alichowahi kuvuta ndani ya mwezi. Magari manne yakija kwa pamoja siku moja tu, kilele kimepanda, mwezi mzima analipia siku ile. Kituo chenye wateja wachache hapo kinakufa kifo cha kimyakimya, na mwenye kituo anayepata hasara hawezi kuniita mimi kuja kubadilisha kebo. Hapo ndo ubovu mwingi unapozaliwa, mzee, sio kwenye mashine. Na misaada mingi ya serikali ililenga kujenga, hela ya kutunza haikufikiriwa sawasawa.

Dawa zipo. Wengine wanaweka betri kubwa hapohapo kituoni, inajazwa polepole usiku alafu inamwaga kwa nguvu gari zikija. Wengine mashine zinagawana, gari zikiwa mbili kila moja inapata nusu. Na ile ya jioni nyumbani, gari haina haraka, inaweza kuambiwa ianze saa sita usiku watu wamelala na mzigo umeshuka.

Dakika tano nazo zinakuja, kampuni ya magari ya China, BYD, Machi 2025 walionyesha mfumo wa kilowati 1,000 wakasema dakika 5 zinatoa kilomita 400. Ila hebu rudi juu usome kuhusu transfoma, mashine moja tu kilowati 1,000.

MzeeWaDizeli

Marahaba. Umenijibu vizuri kijana, hilo la kilele cha bili sikulijua.

Mama_Pacha

Samahani jamani nyie mnaongelea safari ndefu, mimi tatizo langu ni la kila siku. Naishi ghorofa ya nne, maegesho ni ya wote, hakuna soketi hata moja chini. Nimefuata uongozi wa jengo mara tatu, wa kwanza anasema hana mamlaka, wa pili anasema nani atalipia umeme, wa tatu anaogopa moto. Kila wiki natumia jioni mbili kukaa kwenye chaja ya haraka na watoto wawili wanalia njaa. Jirani yangu mwenye nyumba yake analala tu asubuhi gari imejaa. Gari ni ileile, aina ileile, ila maisha yetu ni mbingu na ardhi.

Mwendo_Kimya

Dada umegusa penyewe, na naona hapa ndo kiini cha mambo kuliko hata hadithi yangu ya juzi.

Watu wakisikia miundombinu wanawaza zile mashine kubwa za barabarani. Lakini piga hesabu. Gari ya kawaida inakula kama kilowati-saa 18 kwa kilomita 100. Mtu wa mizunguko ya kilomita 40 kwa siku anahitaji kama 7 tu. Soketi ya kawaida ya ukutani ya volti 230 na ampea 10 inatoa kilowati 2.3, kwaiyo saa 3 na kidogo amemaliza, na gari imeegeshwa hapo saa 10. Yaani kwa siku nyingi za maisha yetu hatuhitaji mashine ya kilowati 150, tunahitaji soketi dhaifu mahali gari linapolala! Chaja ya ukutani ya kilowati 7.4 ndo kabisa, betri ya kilowati-saa 60 kutoka sifuri mpaka juu ni kama saa 8, umelala umeamka.

Lakini soketi dhaifu haipigwi picha, hakuna wa kuja kuikatia utepe. Maegesho ya maghorofa 50 yenye soketi za polepole yangewasaidia watu kama wewe kuliko kituo kimoja cha kifahari, na foleni kule barabarani ingepungua maana kina Mama_Pacha wasingekuwepo, wangekuwa nyumbani na watoto wao.

FundiWaya

Kweli tupu, ila naomba niweke onyo moja hapa na mlichukulie kwa uzito. Soketi ya ukutani haikutengenezwa kubeba mzigo wa juu saa 10 mfululizo kila siku. Pasi unaichomeka dakika 20, gari ni usiku kucha. Nimeitwa nyumba moja, nikaikuta plagi imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka mguu mmoja, plastiki imelainika kama nta, na nyuma ya soketi skrubu ya waya ilikuwa imelegea robo mzunguko tu. Robo mzunguko. Pale panapolegea ndo joto linapozaliwa.

Ukichaji kwa soketi, iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye bodi ya swichi, fundi akaze na apime, na siku za mwanzo weka mkono kwenye plagi baada ya saa moja. Vuguvugu sawa, ukishindwa kuushikilia mkono hapo zima. Na zile ekstensheni zinazoshuka dirishani, nawaomba sana, hapana. Hasa iliyoviringishwa kwenye kigurudumu chake, joto halina pa kutokea.

Dada kwa jengo lako, ongea nao habari ya mita ndogo kwa kila sehemu ya gari na kidhibiti kimoja kinachogawa umeme, jengo halizidishiwi mzigo na kila mtu analipa chake. Maswali ya yule wa pili na yule wa tatu yanajibika hapo. Wakikataa tena niandikie inbox nikuchoree mchoro uwapelekee.

Mama_Pacha

Mungu akubariki fundi, nakuandikia sasahivi.

Kipepeo88

Naomba kuuliza wakuu, nataka kununua gari iliyotumika kutoka nje, bei nzuri, ila naambiwa tundu lake ni tofauti na chaja za huku. Si naweka adapta tu?

Mwendo_Kimya

Usilipe bado! Uliza kwanza ni tundu gani. Gari za soko la China zina GB/T. Gari nyingi za zamani za Japani kama Nissan Leaf, iliyoingia sokoni 2010, zina CHAdeMO. Ulaya wameshaamua, ni Type 2 kwa umeme wa polepole na CCS2 kwa wa haraka. Marekani walikuwa na CCS1, ila Tesla Novemba 2022 wakafungua tundu lao kwa wengine, Ford wakakubali Mei 2023, General Motors (GM) mwezi uliofuata, na baada ya hapo karibu wote wakafuata. Umeona, kampuni zilizoapa kwa plagi moja zilitangaza kuhama ndani ya kama mwaka mmoja.

FundiWaya

Adapta za umeme wa polepole hazina shida sana, ni pini kwa pini. Za haraka ndo utata, sababu kama nilivyoeleza gari na mashine zinaongea, na CHAdeMO inaongea lugha nyingine kabisa na CCS, kwaiyo adapta lazima iwe mkalimani yenye ubongo wake, ni ghali na baadhi ya mashine zinaikataa. Na usinunue ya rahisi isiyo na jina, unapitisha ampea mia na zaidi kwenye kitu ulichoshika mkononi.

Kipepeo88

Je kubadilisha betri badala ya kuchaji? Si ndo ingemaliza yote haya.

Mwendo_Kimya

Kwa pikipiki inafanya kazi vizuri sana, Taiwan kampuni ya Gogoro wana maelfu ya vituo, betri unaibeba kwa mkono. Kwa magari, kampuni ya Better Place walianza 2007 wakafilisika 2013, kituo ghali na gari waliyoipata ya kutumia mfumo wao ilikuwa aina moja tu. Kampuni ya magari ya NIO kule China wana vituo zaidi ya 3,000, ila wanabadilisha betri walizozisanifu wenyewe. Kwa magari yote itabidi kusubiri mpaka kampuni zikubaliane umbo moja la betri, na umeona zilivyohangaika kukubaliana plagi tu.

Kipepeo88

Nimeelewa mkuu. Na mbona wengine wanasema ondoka kwenye chaja betri ikifika asilimia 80?

FundiWaya

Kwa sababu betri ikikaribia kujaa gari yenyewe inapunguza umeme ili isiumie. Kutoka 10 mpaka 80 na kutoka 80 mpaka 100 zinaweza kuchukua muda unaokaribiana. Wewe unasubiri vijitone, nyuma yako kuna mtu ana asilimia 9 na mtoto kalala. Kama safari haikulazimishi, chomoa.

Na mwisho niombe kitu. Mkikuta mashine mbovu msiondoke kimya. Piga picha namba ya mashine, namba ya hitilafu kwenye kioo kama inawaka, na kichwa cha kebo kwa karibu, mtume. Sisi mafundi tukipata "chaja haifanyi kazi" tunakwenda bila kujua tubebe kifaa gani, tunafika, tunarudi kufuata kebo, wiki imepita. Ukinitumia picha ya kichwa kilichopasuka naondoka na kichwa kipya kwenye gari.

Mwendo_Kimya

Nimefanya hivyo jana fundi, nimewatumia picha zote tatu na namba zake.

Marejesho: leo jioni nimepita pale makusudi. Namba tatu imefungwa kichwa kipya, nimekichomeka, nimesikia "ta!", ikaanza. Namba mbili nilinyanyua kwa mkono kama ulivyosema ikakubali mara ya kwanza. Namba moja bado nyeusi, na kwenye ramani bado inaonekana nzima.